Kurasa Zinazotoka Alhamisi

Alhamisi, 3 Aprili

Daftari hili nimelinunua asubuhi kwa kazi moja tu: kuandika nani kasema nini na saa ngapi. Kuna mtu ananihujumu, na mimi nikipandwa na hasira kumbukumbu zangu huwa zinajipika zenyewe.

Nieleze vizuri, maana huenda siku moja likasomwa polisi. Mimi ni Tabu Khalfani wa Manzese, nachora katuni ya mtandaoni. Kila Ijumaa saa nne asubuhi, kwa miaka miwili sasa, natoa sehemu mpya ya Shufaa wa Bandarini. Shufaa ni wakala wa forodha kule Kurasini, na tangu sehemu ya kwanza anahangaika na kontena la bluu lisilo na mwenyewe. Wasomaji wanabishana mpaka wanatukanana juu ya kilichomo ndani. Litafunguliwa tarehe 24 Mei, kwenye tamasha la wachoraji, mbele ya watu, na kitabu kizima kitatoka siku hiyo hiyo. Siri ikivuja kabla, sina tamasha wala kitabu. Nitabaki na maumivu ya mgongo.

Leo saa mbili asubuhi ukurasa mmoja unaojiita Umbea wa Katuni umeweka kurasa zangu za kesho. Zote sita, na rangi zake. Picha zimepigwa kwa simu na zimefifia, bila shaka mtu kapiga skrini ya kompyuta ili nisijue nakala imetoka kwa nani.

Nani anaziona kabla ya Ijumaa? Wa kwanza ni Edgar, yuko Madale. Namtumia michoro Jumatatu, anapaka rangi na kuandika maneno ya wahusika, ananirudishia Jumatano. Wa pili ni Salma, binti wa mama mkubwa, anakagua makosa ya lugha. Wa tatu ni Clara, mwandaaji wa tamasha, anachagua picha moja ya kutangazia. Watatu. Nimehesabu mara mbili.

Mvua imeanza saa saba, haijakata.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimetoa sehemu ya 105. Maoni ya kwanza: "Tumeshaiona jana sista, lete nyingine."

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Umeme umekatika mara tatu. Kazi ya Edgar imefika saa tano. Baba kaenda steshenari kuchukua kurasa zake, maana tangu Ramadhani macho yamemchosha, simu anaona ukungu mtupu, na bila kuchapiwa kwenye karatasi hasomi. Kaondoka saa nane, karudi saa kumi na moja. Nikamuuliza alikuwa wapi, akasema mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Tena. Saa mbili na dakika kumi.

Nikampigia Edgar. Niandike hapa kwamba Edgar ni Mnyamwezi na mimi Mzaramo, kwa hiyo ni watani, na tangu siku ya kwanza hatujawahi kusalimiana kama watu wenye akili zao.

"Mateka wangu, umeamka?" akasema. "Nikadhani bado umelala, ngoma jana si ilikesha."

"Mpagazi, kurasa zimevuja tena."

"Pole. Anzia kwenu. Nyie Wazaramo mnauzaga mpaka makaburi ya babu zenu, mtashindwa katuni?"

Nikacheka. Nilipokata simu nikajiuliza kwa nini nimecheka, na kwa nini yeye hakushtuka hata kidogo. Mtu akisikia kazi ya mikono yake imeibwa anashtuka kwanza, utani unafuata.

Jumapili, 13 Aprili

Salma kaja kula mchana. Ana simu mpya. Sikumuuliza kaipataje, ila niliitazama muda wote wa chakula, na yeye aliniona naitazama. Kaondoka mapema, hakunywa chai.

Clara naye kaniandikia kuhusu meza za tamasha, na mwishoni: "Kwenye kontena kuna nini jamani, niambie mimi tu." Hii ni mara ya pili. Anayeuliza mara ya pili anataka kupeleka mahali. Nimemjibu kwa kikatuni cha kufunga mdomo.

Kilichomo tunakijua wawili duniani, mimi na Edgar. Nilimwambia mwezi wa kwanza kabisa, kwa sababu ya kuchagua rangi. Nilikuwa mjinga wakati ule, niliamini watu.

Jumatano, 16 Aprili

Mtego umewekwa. Sehemu ya 107, ukurasa wa tatu, Shufaa anapokea simu. Kwenye michoro niliyompa Edgar amevaa saa mkono wa kulia. Kazi iliporudi nikatengeneza nakala mbili nyingine. Ya Salma, saa iko mkono wa kushoto. Ya Clara, hana saa kabisa. Sikumwambia mtu.

Baba yuko steshenari na mvua yake.

Alhamisi, 17 Aprili

Mkono wa kulia.

Nimeikuza picha mpaka ikawa madoa. Mkono wa kulia.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimempigia saa tatu asubuhi. Naandika maneno yote.

"Edgar, wewe ndiye unayevujisha?"

"Nani mwingine? Mie ndiye," akasema. "Sie tulibeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka huku kwenu, na nyie mmekaa tu mnakuna nazi. Sasa tumeamua kujilipa kwa katuni. Kashtaki."

"Nauliza kwa dhati."

"Na mie nakujibu kwa dhati, mateka. Nenda kwa mjumbe, nenda na ngoma yako kabisa."

Nyuma yake nilisikia redio na mtu anacheka. Nikakata.

Saa tano nikaandika kwenye kundi letu la wachoraji, lina watu mia moja na kumi na mbili. Nikaweka picha mbili za saa ya Shufaa, nikaeleza mtego, nikaandika kwamba nimemuuliza Edgar mwenyewe na amejibu hivi: "Mie ndiye." Yale ya meno ya tembo sikuyaandika. Niliona yanarefusha ujumbe.

Watu wamenipa pole mpaka simu imezima chaji. Sijisikii vizuri kama nilivyotarajia, lakini nimelala mchana, kitu ambacho sijakifanya tangu mwezi uanze.

Jumatatu, 21 Aprili

Edgar katoka kwenye kundi. Hakuandika hata neno moja. Mtu asiye na kosa angejitetea.

Clara kamfuta kwenye ratiba, alikuwa afundishe kupaka rangi asubuhi nzima ya tamasha. Kuna kampuni ya vitabu vya watoto ilikuwa imempa kitabu, nasikia nayo imetafuta mtu mwingine. Sikuomba hayo. Lakini sikuyazuia pia, na nayaandika kwa sababu daftari ni langu.

Baba kauliza, "Yule mtani wako mbona hapigi?" Nimesema ana kazi nyingi.

Jumamosi, 26 Aprili

Kupaka rangi peke yangu kumenishinda. Jana Ijumaa sikutoa kitu, mara ya kwanza kwa miaka miwili. Leo nimetoa nyeusi na nyeupe, kazi nimeimaliza saa moja kabla. Baba kasema atasubiri yenye rangi.

Lakini haijavuja. Wiki hii hayupo Edgar, na wiki hii haijavuja. Nani anataka ushahidi zaidi ya huo?

Jumatano, 30 Aprili

Nimewahi wiki hii. Rangi mbaya, bahari imekuwa kama mlenda, lakini imeisha. Salma sijamtumia, wala Clara. Ni mimi tu na kompyuta yangu. Baba kazifuata zake saa nane.

Alhamisi, 1 Mei

Imevuja.

Nimekaa sakafuni na simu mkononi kama dakika ishirini. Hakuna mtu aliyetumiwa. Hakuna.

Jumamosi, 3 Mei

Nimebadili nywila zote. Nimeziba kamera ya kompyuta kwa plasta ya kidonda. Fundi mmoja hapa Manzese kaifungua simu yangu, kaiangalia, kasema haina tatizo isipokuwa chaji. Nikamwangalia usoni muda mrefu, na yeye akaniuliza kama naumwa.

Nimewaza labda Edgar kaniwekea kitu kwenye kompyuta kabla hajaondoka. Nimewaza pia wazo jingine, nikalifukuza haraka, kwa sababu likikaa nitalazimika kufanya jambo.

Jumatano, 7 Mei

Baba kaamka na homa. Ilipofika saa nane akaanza kuvaa viatu huku anatetemeka. Nikamwambia alale, kopi nitazifuata mimi. Akasema hapana, ataweza. Nikasema kwa karatasi sita tu? Akavua kiatu kimoja. Nikaona ana jambo.

Steshenari iko mita mia mbili kutoka nyumbani, na mimi sijakanyaga tangu ifunguliwe kabla ya Ramadhani. Kwa nini niende? Natuma faili kwenye WhatsApp ya duka, namlipa kwa simu, Baba anafuata. Mwenye duka namjua kwa namba.

Nje kulikuwa na watu kama kumi na tano chini ya bati, mvua inapiga. Nikadhani wamejikinga tu. Halafu nikaona wote wanatazama upande mmoja, mlangoni. Sehemu ya 110, ya kesho kutwa, ilikuwa imebandikwa pale kwa gundi ya karatasi, kurasa zote sita, rangi zangu mbaya mpaka bahari ile ile ya mlenda. Pembeni zilikuwepo 105, 106, 107 na 109, zimeanza kupauka; ile nyeusi na nyeupe haikuwepo. Kijana wa kiume mwenye ndevu, mtu mzima kabisa, alikuwa amenyoosha simu juu ya vichwa vya wenzake anazipiga picha moja moja.

Ndani nikamkuta mwenye duka, dada mmoja wa umri wangu anaitwa Demetria.

"Karibu dada. Kutoa kopi?"

"Mimi ni Tabu. Mwenye katuni."

Akaacha alichokuwa anakifanya. Akazunguka meza akanikumbatia, na mimi nimelowa.

"Jamani, kumbe ndiye wewe. Leo mzee yuko wapi? Watu wanamngoja hapo nje asome."

"Asome nini?"

"Si anawasomeaga. Kila Jumatano. Anaigiza sauti zote, ya Shufaa, ya yule meneja wa bandari. Mie mwenyewe nafunga mashine ili nisikie. Yeye ndiye aliniambia nibandike, maana wengine wanachelewa kazini wanakuta kamaliza."

"Na anayepiga picha?"

"Yule? Huyo ana ukurasa wake huko mtandaoni, anakutangaza. Sie tulijua mnajuana." Akanitazama vizuri. "Kuna ishu, dada?"

Nikasema hakuna. Nilitaka kumlaumu, nikatafuta pa kuanzia, sikupaona. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote pale kwamba kurasa ni siri mpaka Ijumaa. Nilimwambia azibandue tu. Akazibandua mbele yangu, kwa uangalifu, asizichane. Watu wa nje wakaguna.

Nimefika nyumbani nimekaa kitandani kwa Baba. Akaniona uso.

"Wamekwambia," akasema.

"Kwa nini ulinificha?"

"Sikukuficha. Niliona haya. Mtu mzima mimi, miaka thelathini nahesabu mizigo Kurasini, leo nasimama mlangoni pa duka naigiza sauti za wanawake." Akavuta shuka. "Hukuniambia ni siri, Tabu."

Ni kweli. Nilipohesabu watu wanaoona kazi yangu sikumhesabu Baba, kwa sababu Baba si mtu wa kuhesabiwa. Na kopi yake nilikuwa nachapisha faili ile ile inayotoka kwa Edgar, bila kuigusa. Saa ya mkono wa kulia ilikuwa ya Edgar na ya Baba. Mtego ulikuwa na watu wawili upande ule na mimi nikamwona mmoja.

Jambo linalonichoma zaidi ni hili, na nililijua tangu Jumamosi nilipolifukuza. Edgar anajua kilichomo kwenye kontena tangu miaka miwili iliyopita. Angekuwa mwizi angeuza siri hiyo, si vikurasa sita vya Ijumaa. Siri kubwa kuliko zote niliyompa mkononi haijatoka hadi leo.

Nikamweleza Baba yote, la kundi na la "mie ndiye". Pamoja na homa yake, akainuka akakaa.

"Umemshtaki mtani?" akasema. "Kwa maneno ya utani?"

Nikaifungua simu, nikaanza kuandika.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeandika kwenye kundi. Safari hii nimeandika yote, meno ya tembo, nazi, ngoma, steshenari, na kwamba sehemu ya maneno yake niliikata mimi kwa makusudi. Ile ya kwanza ilijibiwa na watu sabini na kitu. Hii imejibiwa na wanane. Salma kaniandikia pembeni: "Na simu yangu nilinunuliwa na mume wangu, kama ulikuwa unataka kujua." Nimemwomba radhi. Clara kasema atamrudisha Edgar kwenye ratiba.

Jumamosi, 10 Mei

Baba kanipa jogoo. Kasema kwa watu wa zamani ukimkosea mtani humwendei na barua wala machozi. Unampelekea jogoo, anakunyang'anya, anakutukana wewe na ukoo wako mpaka achoke, mnakula, mmemaliza. Nikaenda Madale na jogoo ndani ya kikapu. Barabara ya kupanda kwao imekuwa uji, bodaboda kanishusha chini, nikapanda kwa miguu na ndala mkononi. Njia nzima nilikuwa najiandaa kutukanwa. Niwe mkweli, nilikuwa nautamani huo ukali wake. Nilishapanga na majibu.

Mama yake, Mama Yustina, kanipokea. Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu, akaingia ndani kumwita.

Edgar akatoka. Amekonda kidogo. Akanitazama miguu, akarudi ndani, akaleta maji na kitambaa.

"Karibu dada Tabu. Pole na njia."

Nikampa kikapu. "Jogoo wako huyu, Mpagazi. Usimbebe kichwani."

Akakipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, dada. Hukuwa na haja ya kujisumbua."

Nikaomba radhi. Nilieleza kila kitu, na yeye alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, Edgar ambaye sijawahi kumaliza naye sentensi. Nikamuuliza kuhusu kitabu cha watoto. Akasema kimeshapewa mtu, si kitu, vitakuja vingine. Ratiba ya tamasha alishamjibu Clara kwamba hataweza. Sehemu ya mwisho atanipakia rangi kwa sababu alishaianza.

"Umenisamehe?" nikasema.

"Nimekusamehe, dada. Kweli kabisa."

"Basi nitukane."

Akatabasamu, lakini alikuwa anatazama chini. "Siku ile nilikutania, ukaenda ukayaandika. Sasa nikiongea na wewe nachagua maneno. Haitoki, dada. Si kwamba nakukomoa."

Nimeteremka kilima kile nalia, na mvua ilinisaidia, watu wote walikuwa wamelowa.

Jumatano, 14 Mei

Baba kaulizwa na watu wa steshenari kwa nini haendi. Kawaambia koo linamsumbua. Nimemwambia baada ya tamasha asome anavyotaka. Kasema ataona.

Jumanne, 20 Mei

Sehemu ya mwisho imerudi saa kumi kamili, kama alivyoahidi. Rangi za Edgar hazijawahi kuwa nzuri hivi, ndani ya kontena kuna mwanga wa asubuhi ambao mimi sikuuchora, kautia yeye. Nimeukuta ujumbe huu: "Habari za mchana dada. Kazi imekamilika. Naomba uhakiki na unijulishe kama kuna marekebisho. Edgar."

Zamani angeandika: "Shika mzigo, mateka, mgongo umeniuma."

Jumapili, 25 Mei

Jana ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Hakuna kilichovuja. Saa nane kontena likafunguliwa kwenye skrini kubwa: makochi, sufuria, baiskeli mbili za watoto, jokofu lililofungwa blanketi, nyumba nzima ya mtu aliyefungasha arudi kwao akafia huko huko ugenini. Shufaa anasoma orodha ya vyombo kimoja kimoja, basi. Baba, kiti cha mbele, alianza kuisoma orodha kwa sauti bila kujua kama anasikika, na hakuna aliyemnyamazisha. Vitabu vimekwisha kabla ya saa kumi na moja. Nilichokitaka kwa miaka miwili nimekipata chote kwa siku moja.

Edgar alikuja. Shati jeupe limepigwa pasi, alilipa kiingilio kama watu wengine, akakaa nyuma. Nilipomwona nikaacha foleni ya watu waliotaka kusainiwa, nikamfuata. Nilikuwa nimekesha nikilitunga tusi, baya kuliko yote niliyowahi kumrushia, linagusa babu zake wote na mizigo yao na njia nzima toka Tabora. Nikalisema kwa sauti, mbele ya Clara, mbele ya Salma, mbele ya watu wenye vitabu vyangu mikononi. Wawili watatu walicheka, wakamgeukia kusikia atakavyonirudishia.

Akangoja nimalize.

"Ndiyo, dada Tabu," akasema. "Hongera sana kwa kazi."

Akanipa mkono, akapanga foleni kununua kitabu chake.